Mpenzi, Vaa Jaketi Kwanza!

Mwisho wa mwezi umefika, mshahara umeingia, joto la Dar halivumiliki, na mtu wako anakutumia ujumbe: "Jumamosi twende zetu Mbudya tukale samaki." Roho kwatu! Unaanza kupanga. Gauni gani linapendeza na upepo wa bahari, miwani gani, nani abebe spika, nywele zifungwe vipi chumvi isiziharibu. Utapanga kila kitu mpaka mafuta ya kujikinga na jua. Kitu kimoja tu hutakipanga, wala yeye hatakipanga: nyinyi wawili mkijikuta ndani ya maji nusu njia, nani anafanya nini?

Usinielewe vibaya msomaji wangu, sijaja kukuharibia wikiendi. Mimi mwenyewe nazipenda boti kupita kiasi. Nimekulia Tanga, wajomba zangu ni wavuvi, kuogelea nilijua kabla sijajua kusoma. Mume wangu ni mtu wa bara, kwao maji mengi ni yale ya kwenye pipa. Tulipokuwa wachumba tulizungumza yale yote ambayo wachumba wanashauriwa kuzungumza: pesa, ndugu, dini, watoto wangapi, lini twende kupima. Mimi nikaongeza la kwangu. "Unajua kuogelea?" Akacheka, akajibu, "Kidogo." Jamani, dada zangu, "kidogo" ya mwanaume anayeulizwa na mchumba wake maana yake ni hapana.

Hebu muulize wako leo usiku. Usimuulize kama anajua kuogelea, maana atakwambia "kidogo". Muulize hivi: ukidondoka kwenye kina kirefu ukiwa na jinzi na viatu, unaweza kuelea dakika kumi bila kushika kitu? Akianza kutazama dari, umeshapata jibu lako.

Boti ya kujirusha

Tukisikia ajali za majini tunawaza meli za abiria, na kwa kweli tuna sababu. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikaondoka na mamia ya watu. MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na wengi walionusurika walielea kwa kushikilia magodoro na chochote kilichokuja mbele yao. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, ikawa zamu ya MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar kwenda Unguja. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia kabisa gati ya Ukara. Kiliruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa tu walizidi 220.

Hao walikuwa wasafiri, watu wa kwenda sokoni na kurudi nyumbani. Sisi wa ofisini tunaopanda boti kwa raha zetu tuna ajali yetu ya kukumbuka, na haikutokea mbali. Jumamosi ya 24 Novemba 2018, upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, boti ya starehe ilitoka na vijana waliovaa wakapendeza, muziki juu, vinywaji mkononi. Ikapinduka maeneo ya Mukono na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Polisi walisema boti ilikuwa imezidisha watu na hali yake ilikuwa mbovu. Wakasema na jambo jingine ambalo halinitoki kichwani mpaka leo: majaketi yalikuwemo, ila wengi hawakutaka kuyavaa. Hata mashua ya wavuvi iliyokimbilia kuwaokoa nayo ilizama, maana watu waliiparamia wote kwa pamoja.

Kwa nini mtu akatae jaketi? Mimi nimekaa kwenye boti nyingi nikiwatazama wapenzi, na sababu zao nimezizoea. Dada anasema rangi ya chungwa inamharibia picha, au linanuka jasho la mtu wa jana (hapo namuunga mkono, mengine yananuka kweli). Kaka hasemi kitu. Analipokea, analikalia kama mto, basi. Anaogopa kuonekana mwoga mbele ya bibie. Asichokijua ni kwamba bibie anamtazama yeye. Akilivaa na kufunga mikanda, naye atalivaa. Akilikalia, naye atalikalia, na kama ana mtoto mapajani, mtoto naye ndiyo basi tena.

Na usije ukaniambia "si hapo tu karibu". Kutoka Kunduchi mpaka Mbudya kisiwa unakiona kabisa. Lakini kukiona na kukifikia kwa mikono yako ni mambo mawili tofauti, hasa mkondo ukiwa unavuta kwenda kwingine.

Anayezama hapigi kelele

Filamu zimetudanganya sana. Tumezoea kuona mtu anapunga mikono na kupiga mayowe, shujaa anavua shati, anaruka. Ukweli ni kwamba mtu anayezama hana pumzi ya kupigia kelele. Mdomo unapanda juu ya maji, unavuta hewa kidogo, unashuka tena. Mikono haipungi, inakandamiza maji pembeni kama mtu anayepanda ngazi. Kichwa kimelala nyuma, nywele zimefunika uso na hazitoi. Hali hiyo haidumu, mara nyingi ndani ya dakika moja ameshakwenda chini. Ndiyo maana watu wanazama katikati ya wenzao, na wenzao wanadhani anacheza. Muite kwa jina. Asipojibu, usisubiri.

Sasa hapa ndipo mapenzi yenyewe yanapokuwa hatari. Unamuona mtu wako anazama. Moyo unakwambia ruka! Unaruka, na wewe kuogelea ni kule kwa "kidogo". Mtu anayezama hakumbuki kama wewe ni laazizi wake. Anachokiona ni kitu cha kukanyagia apate hewa, atakupanda mabegani na kukuzamisha bila kujua. Tunasoma magazetini kila mara, mchumba kazama akimwokoa mchumba, baba kazama akimwokoa mtoto. Wanasifiwa msibani, lakini waliobaki wanazika wawili.

Kwa hiyo usiruke. Tupa kitu. Dumu tupu la lita 20 lenye mfuniko, ambalo halikosekani kwenye boti zetu, linamwelesha mtu mzima vizuri kabisa. Tupa jaketi, tupa kamba, mnyooshee kasia huku umelala chini na mwenzako kakushika miguu. Anayeingia majini awe yule anayejua kweli, naye aingie amevaa jaketi na ameshika kitu cha kumpa yule anayezama, ili asimshike yeye.

Ukidondoka wewe, usishindane na maji. Lala chali, masikio yaingie majini, tanua mikono, acha pumzi irudi kwanza. Mambo ya kupiga mbizi kuelekea ufukweni baadaye. Boti ikipinduka lakini bado inaelea, ing'ang'anie. Ufukwe unaonekana karibu kuliko ulivyo, na waokoaji wanaiona boti haraka kuliko kichwa cha mtu.

Jioni ile

Kisa hiki nilikishuhudia kwa macho yangu. Ulikuwa mwezi wa Februari, kaskazi inapuliza, tunarudi kutoka kisiwani jioni, watu kama kumi na wawili, wengi wetu tukiwa wawili wawili. Jua linazama na rangi zake zile, kila mtu anataka picha. Bibi harusi mtarajiwa, shoga yangu wa kazini, akavua jaketi ili gauni lionekane. Watu wakasimama, wote upande mmoja. Wimbi moja tu la ubavuni, wala halikuwa kubwa, boti ikalala, watatu wakadondoka.

Wawili waliovaa majaketi waliibuka kama vizibo, wanakohoa na kutukana. Yeye hakuibuka.

Nahodha alikuwa mzee anayeijua kazi yake. Kitu cha kwanza alizima injini, kwa sababu pangaboi la injini likizunguka karibu na mtu aliye majini linamkata kama nyama ya buchani. Mchumba wake alishapanda ukingoni tayari kuruka, mume wangu akamshika shati mpaka likachanika. Aliyeruka ni baharia wa boti, kijana mdogo, jaketi mwilini na kamba mkononi. Kwenye mbizi ya pili akampata. Nakisia ilipita dakika mbili hivi, japo ukiniuliza siku ile ningekwambia nusu saa.

Akavutwa ndani ya boti. Midomo ya bluu, povu puani, hapumui. Kila mtu akawa daktari. "Mgeuzeni kichwa chini!" "Mkandamizeni tumbo maji yatoke!" Bahati yetu ilikuwa abiria mmoja, muuguzi wa kiume, kaka mtulivu ambaye kutwa nzima hakuwa amesema maneno kumi. Alisema, "Hakuna kugeuza. Hakuna kugusa tumbo. Anataka hewa." Akamlaza chali sakafuni, akainamisha kichwa chake nyuma, akainua kidevu, akambana pua, akaweka mdomo juu ya mdomo wake.

Usishangae, kuna watu wakaguna. Mwanaume kumwekea mdomo mchumba wa mtu! Yule mchumba akapiga kelele, "Mwacheni afanye kazi!" Muuguzi alipuliza pumzi tano, akisubiri kifua kinyanyuke kila pumzi. Halafu akamgeukia bwana harusi: "Kaka, njoo. Mimi nakandamiza kifua, wewe unapuliza nikikwambia." Mara thelathini anakandamiza, mara mbili yule anapuliza, machozi yanamtiririka. Raundi ya nne au ya tano akatapika. Wakamgeuza ubavu, wakamsafisha mdomo, akavuta pumzi moja mbaya yenye sauti kama msumeno. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Pumzi kwanza, maswali baadaye

Baadaye nilimfuata yule kaka nikamuuliza kwa nini hakuanza na kifua kama tunavyoona kwenye luninga. Akanieleza vizuri. Mtu anayeanguka ghafla kwa ugonjwa wa moyo, damu yake bado ina hewa, tatizo ni pampu. Aliyezama tatizo lake ni hewa yenyewe: moyo unasimama kwa sababu umekosa oksijeni. Ukimkandamiza kifua bila kumpa pumzi unazungusha damu isiyo na kitu. Ndiyo maana wataalamu wanasema kwa aliyezama pumzi zitangulie. Mwongozo wa Ulaya unasema tano, wa Wamarekani mbili. Usigombane na mtu kuhusu idadi, we puliza.

Na kumgeuza kichwa chini? Maji mengi yanayotoka kwa kukandamiza tumbo ni ya tumboni, siyo ya mapafuni. Yakitoka yanapitia kooni, na mtu aliyezimia anayavuta ndani ya mapafu. Povu nalo lisikupotezee muda, ukilifuta linarudi, pulizia hapo hapo. Sekunde ndizo zinazohesabiwa. Ubongo unaokosa hewa unaanza kuharibika ndani ya dakika chache, na waliokaa chini ya maji kwa muda usiozidi dakika tano wana nafasi nzuri zaidi ya kurudi wazima kuliko waliovuka kumi. Gari la wagonjwa haliwezi kukufikia kisiwani kwa dakika hizo. Wa kusaidia ni yule aliyekaa pembeni yako kwenye boti.

Kukandamiza kifua: kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono mwingine juu yake, mikono imenyooka, unashuka sentimita tano hadi sita, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Unachoka haraka, pokezaneni. Kama anapumua lakini hana fahamu, mlaze ubavu na umtazame asiache kupumua. Vua nguo zilizolowa, mfunike khanga kavu. Hata kwenye maji yetu ya uvuguvugu mwili unapoteza joto, upepo ukichangia.

Lakini kisa chetu hakikuishia kwenye boti. Tulipofika ufukweni shoga yangu alikuwa anaongea, anaona aibu, anataka nyumbani akaoge alale. Zahanati ya kwanza tuliyompeleka walimtazama, wakampa dawa ya maumivu, wakasema yuko vizuri. Muuguzi wetu akakataa katakata. Tukaenda hospitali kubwa. Ilipofika saa nne usiku alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia, na kile kifaa cha kubana kidoleni kikaonyesha oksijeni inashuka. Alikaa kwenye mashine ya oksijeni siku mbili, akaruhusiwa siku ya nne. Angelala nyumbani, sijui.

Daktari alitueleza kwamba ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo vya hewa vyenye utando mwembamba unaovizuia visisinyae. Maji, ya chumvi au ya baridi, yanauharibu utando huo, vifuko vinasinyaa na mapafu yanaanza kuvuja majimaji yake yenyewe. Hayo yanaweza kuchukua masaa. Kwa hiyo mtu yeyote aliyepoteza fahamu majini, aliyepuliziwa pumzi, au anayekohoa bila kukoma, kuhema haraka, kutoa povu, kutapika au kusinzia isivyo kawaida, apelekwe hospitali na aangaliwe kwa saa sita hadi nane hivi, hata kama anakuapia kwamba kapona. Aliyemeza funda moja la maji akakohoa kidogo akarudi kucheka hahitaji kutishwa na hadithi za watu waliokufa siku ya tatu bila dalili yoyote. Dalili zinaonekana, kazi yako ni kuzitazama.

Kabla hujatia mguu

Watu wengi wanapata aibu kumuuliza nahodha maswali, hasa mbele ya mpenzi, wasionekane washamba. Uliza kwa heshima, hakuna nahodha mwenye akili atakayekasirika. "Shikamoo mzee, boti yako inabeba wangapi?" Halafu hesabu vichwa. Ikiwa ni ya kumi na mbili na wa kumi na tatu anapanda, shuka wewe. Vyombo vya abiria hukaguliwa na TASAC, kwa hiyo idadi hiyo ipo, wala haibuniwi pale ufukweni. Omba jaketi mkiwa bado mchangani, siyo baada ya wimbi la kwanza. Livae, funga mikanda yote, kisha mwambie mwenzako alivute juu kwa mabega. Likipanda mpaka masikioni ni kubwa mno, majini litakuvuka. Mtoto apewe la saizi yake, na vile vipulizo vya mikononi vya rangirangi ni vya kuchezea, usivihesabu.

Bia na mvinyo visubiri mrudi nchi kavu. Najua, najua! Lakini pombe inakunyima usawa wa mwili na akili ya kuamua, kwenye chombo kinachoyumba unavihitaji vyote viwili. Mkae, msisimame, msihamie wote upande mmoja hata kama pomboo wameonekana. Angalieni utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi ile ile. Kusi likiwa kali, yaani katikati ya mwaka, bahari inaweza kuwa shwari asubuhi na kuchafuka kabisa mchana.

Na masomo ya kuogelea je? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani kote mwaka 2021, na kufundisha kuogelea ni moja ya kinga wanazozipigia debe kila tarehe 25 Julai, Siku ya Kuzuia Kuzama Duniani. Mume wangu alianza masomo ana miaka 34, kwenye bwawa lenye watoto wa darasa la pili waliokuwa wanamcheka. Alivumilia. Sasa anaelea dakika kumi na tano, nampima kwa saa. Jaketi bado analivaa, na picha zetu zote za visiwani tuna rangi ya chungwa. Tafuteni na mafunzo ya huduma ya kwanza, mwende pamoja. Jioni moja ya kukandamiza mdoli kifuani inachekesha kuliko sinema nyingi mlizolipia.

Simu zenu ziwekeni kwenye mfuko usiopitisha maji, na namba ziwemo tayari: 114 ni Zimamoto na Uokoaji, 112 ni polisi. Mwachieni na mtu mmoja nyumbani ujumbe: mmepanda boti gani, mko wangapi, mnarudi saa ngapi. Mkichelewa, yeye ndiye atakayepiga.